Seli za masti, dengue, na siku ile homa inaposhuka (uzi mrefu)

Hadubini ya Upanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Mimi ni mtaalamu wa maabara, nimekaa mbele ya hadubini hapa Dar es Salaam kwa zaidi ya miaka ishirini. Si daktari, kwa hiyo nitakayoandika yachukuliwe kama maelezo ya jinsi mwili unavyofanya kazi, yasichukuliwe kama cheti cha dawa.

Kilichonisukuma kufungua uzi huu ni kijana wa jirani yangu aliyeugua dengue msimu wa mvua. Homa ilimkamata siku nne, siku ya tano ikashuka, akaamka na kuomba uji, na mama yake akatutangazia wote uani kwamba mtoto amepona. Jioni ya siku hiyohiyo tumbo likaanza kumkata, akatapika mfululizo, mikono na miguu ikawa ya baridi. Aliwahishwa hospitali, akawekewa maji, na leo ni mzima. Lakini mama yake aliniuliza swali ambalo siku ile nililijibu ovyo: inakuwaje homa iondoke ndipo mtoto azidiwe? Sehemu ya jibu iko katika seli ambazo wengi wetu hatuzijui, au tunazijua kwa habari za mzio peke yake.

Nitaziita seli za masti. Nimewahi kuona mahali zikiitwa "seli za mlingoti", nami nikacheka, maana mast kwa Kiingereza ni mlingoti, na aliyefasiri bila shaka alikuwa na jahazi akilini. Jina ni la Kijerumani. Mwaka 1878 Paul Ehrlich, akiwa na miaka 24, aliandika tasnifu yake ya udaktari huko Leipzig juu ya namna tishu zinavyopokea rangi za anilini, na humo akaeleza seli zilizojaa punje tele. Alidhani zimenona kwa kulishwa vizuri, akaziita Mastzellen, kwa kuwa Mast kwa Kijerumani ni kulisha mnyama hadi anenepe. Kuhusu chakula alikosea, ila jina likabaki. Mpaka leo tukizipaka bluu ya toluidini, punje zake hazishiki bluu, hugeuka zambarau kwa sababu ya heparini iliyomo ndani yake. Katika kazi yangu yako mambo machache ambayo bado hunifurahisha kama siku ya kwanza, na hilo ni mojawapo.

Seli hizi huzaliwa katika uboho, husafiri katika damu zikiwa changa, kisha huingia katika tishu na kukomaa hukohuko. Ndiyo maana mtu akiletewa majibu ya FBP, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, hatazikuta kwenye karatasi hata akisoma mistari yote: damuni hazionekani zikiwa zimekomaa. Makazi yake ni mahali ambapo mwili unakutana na ulimwengu, yaani chini ya ngozi, katika kuta za utumbo na katika njia za hewa, na hasa kandokando ya mishipa midogo ya damu na neva. Mtu aliyewahi kukaa nyumba ya kupanga yenye mlango mmoja wa uani ataelewa faida ya makazi hayo, kwamba anayelala karibu na mlango ndiye wa kwanza kusikia mwizi.

Ndani ya kila punje mna vitu vilivyokwisha kutengenezwa vikisubiri amri: histamini, heparini, vimeng'enya viitwavyo triptesi na kaimesi, na hata akiba ya TNF, ambayo ni mojawapo ya saitokini, yaani vijumbe vinavyobeba taarifa kati ya seli na seli. Amri ikitoka, punje hufunguka ndani ya sekunde na dakika. Katika dakika zinazofuata seli hutengeneza prostaglandini na lukotrieni kutokana na mafuta ya utando wake, na baada ya saa kadhaa hutoa saitokini mpya. Histamini hulegeza kuta za mishipa midogo hadi maji ya damu yapenye kwenda nje. Wekundu, joto, uvimbe na maumivu, ambavyo kwa pamoja wataalamu huviita inflamesheni, huanzia hapo mara nyingi.

Amri inayojulikana zaidi ni ile ya mzio. Kingamwili aina ya IgE, iliyotambuliwa miaka ya 1966 na 1967 na Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na kwa njia yao wenyewe Johansson na Bennich huko Uswidi, hujishikiza juu ya seli ya masti kama mtego uliotegwa. Karanga, pweza au sumu ya nyuki ikigusa mitego miwili iliyo jirani, seli hufyatuka. Kwa miaka mingi seli hizi zilihesabiwa kuwa watu wa fujo wasio na faida. Picha hiyo ilibadilika mwaka 1996, pale makundi mawili ya watafiti yalipoonyesha kwamba panya wasio na seli za masti hufa kwa wingi bakteria wakiingia tumboni, na wanaorudishiwa seli hizo huokoka, kwa sababu TNF yake huziita chembe nyeupe mapema. Mwaka 2006 ikaonekana kwamba seli hizohizo huwasaidia panya kustahimili sumu ya nyoka na ya nyuki, kwa kutoa kimeng'enya kinachoikatakata sumu yenyewe.

Sasa tuje kwa virusi. Kirusi hakihitaji IgE ili kijulikane. Seli ya masti ina vipokezi vya kuitambua RNA ya virusi, vikiwemo TLR3, RIG-I na MDA5, na tena ina kipokezi cha kusikia kilio cha seli za jirani zinazopasuka, ambazo humwaga kijumbe kiitwacho IL-33. Mara nyingi jibu lake kwa virusi ni la hekima kuliko jibu lake kwa karanga: hutoa interferoni, yaani vijumbe vya kuvizuia virusi, na vijumbe vya kuziita seli za NK na seli T, ambazo ni askari wa kinga wanaoua seli zilizoambukizwa, bila kumwaga punje zote. Mbu aina ya Aedes, huyu wa mchana anayezaliwa kwenye ndoo na matairi yetu, anapochoma ngozi na kuacha virusi vya dengue, seli za masti ni miongoni mwa seli za kwanza kukutana navyo. Watafiti wa Singapore walionyesha mwaka 2011 kwamba panya wasiokuwa nazo hushindwa kuita seli za NK kwa haraka, na virusi huenea zaidi.

Tatizo ni pale virusi vinapokwisha kusambaa mwilini. Mlinzi wa mlango mmoja akipiga yowe, mtaa unaamka na mwizi anakamatwa. Walinzi wa mji mzima wakipiga yowe usiku mmoja, watu wanakanyagana. Kaimesi, triptesi na lukotrieni zikimwagwa kila mahali, kuta za kapilari, ile mishipa midogo kabisa ya damu, hulegea mwili mzima na maji ya damu huvuja kwenda tumboni na kifuani. Damu inayobaki huwa nzito, shinikizo hushuka, viungo hukosa damu. Mwaka 1977 watafiti wa Thailand walikwisha kuripoti kwamba histamini katika mkojo wa saa 24 huongezeka kwa wagonjwa wa dengue kali, na mwaka 2013 kundi lile la Singapore likaonyesha kwamba kaimesi katika damu iko juu zaidi kwa wagonjwa wanaovuja kuliko kwa wenye dengue ya kawaida.

Na kwa nini homa iwe imeshuka? Kwa sababu wakati huo virusi katika damu vinapungua na kinga ndiyo iko kileleni. Kipindi cha hatari huangukia kati ya siku ya tatu na ya saba, homa inapoteremka, na hudumu saa 24 hadi 48. Kwa aliyewahi kuugua aina nyingine ya dengue kabla, hatari huwa kubwa zaidi: aina za virusi hivyo ni nne, na kingamwili za ugonjwa wa kwanza huweza kuvishika virusi vya pili bila kuviua, kisha zikavishikiza kwenye seli, za masti zikiwemo. Jiji letu lilipata mlipuko mwaka 2014 na mwingine mwaka 2019, kwa hiyo wenye kumbukumbu ya ugonjwa wa kwanza mwilini si wachache.

Niweke wazi pia kwamba seli za masti si mshitakiwa pekee. Protini ya virusi iitwayo NS1 huweza kuziharibu kuta za mishipa moja kwa moja, na seli nyingine za kinga zina mchango wake. Nimezichagua hizi kwa sababu ndizo zinazosahauliwa.

Karibuni kwa maswali.

Mama Wawili, Mbagala

Shikamoo, na ahsante kwa maelezo. Mimi nina watoto wawili, na mkubwa ana mzio wa kamba na pweza, kwa hiyo nyumbani setirizini haikosekani. Nimesoma nikajiuliza: kama histamini ndiyo inayovujisha, je, mtoto akishikwa na dengue nikimpa setirizini mapema nitakuwa nimemkinga?

Hadubini ya Upanga

Marahaba, Mama Wawili. Swali lako ndilo nililoliogopa zaidi nilipokuwa naandika, na ni vizuri limekuja mapema. Hapana. Setirizini huziba kipokezi kimoja cha histamini, ilhali seli imekwisha kumwaga kaimesi, triptesi, lukotrieni na vingine ambavyo dawa hiyo haivigusi. Ni sawa na kuziba tundu moja la ndoo iliyotoboka chini kote. Walichojaribu watafiti kwa panya ni dawa za aina nyingine, yaani kromolini na ketotifeni, ambazo huizuia seli isifyatuke, pamoja na montelukasti, ambayo huzuia lukotrieni. Kwa panya uvujaji ulipungua. Kutoka kwa panya hadi kwa mtoto wa Mbagala kuna safari ndefu, na tiba ya dengue inayotegemewa mpaka sasa ni maji yanayotolewa kwa kipimo, kwa wakati wake, chini ya uangalizi.

Kuhusu mzio wa huyo mkubwa, niongeze jambo ambalo hukuniuliza. Akila kamba akavimba midomo, akakosa pumzi au akazimia, hiyo ni anafilaksia, na setirizini haitamwokoa. Dawa yake ni adrenalini ya kuchomwa kwenye msuli wa paja, hospitali, bila kusubiri kuona kama vipele vitapungua.

Mfamasia wa Sinza

Naunga mkono, na nishuhudie kidogo kutoka upande wa kaunta. Kila mvua zikizidi tunapata wateja wenye homa na maumivu ya mwili ambao huja wakitaja dawa kabla hawajataja ugonjwa, na dawa wanayoitaja sana ni diklofenaki. Kwa mtu anayeweza kuwa na dengue, diklofenaki, ibuprofeni na aspirini ni za kuepukwa kwa sababu huongeza hatari ya kutoka damu, na chembe sahani zake, zile zinazosaidia damu kuganda, huenda tayari zimeshuka. Parasetamoli kwa kipimo sahihi inatosha. Nasikitika kusema kwamba nimewahi kubishana na mteja hadi akaenda kununua duka la pili.

Naomba kuuliza pia: ni kweli kwamba zipo dawa zinazoziamsha seli za masti bila mzio wowote?

Hadubini ya Upanga

Ni kweli, ndugu mfamasia. Katika seli hizi kuna kipokezi kiitwacho MRGPRX2, ambacho hakina uhusiano na IgE. Mwaka 2015 ilionyeshwa kwamba baadhi ya dawa, zikiwemo siprofloksasini na dawa kadhaa za kulegeza misuli wakati wa upasuaji, hukigusa na kuifanya seli imwage punje. Vankomaisini ikiingizwa haraka mshipani mgonjwa hugeuka mwekundu shingoni na kifuani kwa njia inayofanana na hiyo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwashwa mara ya kwanza kabisa anapopewa dawa, na asiwe na mzio nayo kwa maana halisi.

Mbishi wa Kijiweni

Ndugu mwanzisha uzi, umeandika vizuri, lakini ninahesabu panya tu. Panya wa 1996, panya wa 2006, panya wa Singapore. Na hao panya "wasio na seli za masti" wamepatikanaje? Mtu hawezi kuzitoa seli moja moja kwa koleo. Isije ikawa walichoharibu ni kitu kingine, sifa au lawama wakazibebesha seli hizi.

Hadubini ya Upanga

Mbishi, umegonga penyewe, na wataalamu wenyewe wamebishana juu ya hilo kwa miaka. Panya wa zamani walipatikana kwa kasoro ya jeni iitwayo KIT. Seli ya masti haiwezi kuishi bila KIT, kwa hiyo jeni hiyo ikiharibika seli hutoweka. Lakini KIT inatumika na seli nyingine pia: zinazotengeneza damu, zinazotoa rangi ya ngozi, hata zinazoendesha mwendo wa utumbo. Panya wa namna hiyo ana kasoro nyingi kwa pamoja.

Mfano unaotosha ni wa ugonjwa wa viungo. Mwaka 2002 ilitangazwa kwamba panya wasio na seli za masti hawapati baridi yabisi wanapodungwa kingamwili zinazoisababisha, na wengi wakaamini kwamba seli hizi ndizo mzizi wa ugonjwa. Mwaka 2011 kundi la Ujerumani likatengeneza panya wa namna nyingine, ambao seli za masti zimeondolewa huku KIT ikiachwa salama. Panya hao walivimba viungo kama kawaida. Kwa binadamu ni kweli kwamba seli za masti huonekana nyingi katika utando wa viungo vya mgonjwa wa baridi yabisi, lakini kumkuta mtu eneo la tukio hakumfanyi kuwa mwizi. Anaweza kuwa alikuja kuzima moto.

Kwa dengue nina imani zaidi kidogo, kwa sababu vipimo vya wagonjwa wenyewe vinakwenda njia moja na majaribio ya panya. Nimesema kidogo. Kaimesi ikiwa juu kwa anayevuja inaonyesha kwamba seli zimefyatuka. Haithibitishi kwamba zikizuiwa mgonjwa atapona. Hilo hujibiwa na majaribio ya dawa kwa binadamu peke yake.

Tulishaonja haraka ya namna hii wakati wa korona. Mwaka 2020 famotidini, dawa ya tumbo inayoziba kipokezi kingine cha histamini, ilivuma duniani kama tiba; tafiti zilizofuata hazikukubaliana, na uvumi ukapoa.

Mmakonde wa Temeke

Nimefuatilia kimya tangu mwanzo, ila mmeacha ugonjwa wetu. Chikungunya ilijulikana kwanza kwetu, uwanda wa Makonde, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953, na jina ni la lugha yetu, lenye maana ya kukunjika, kwa jinsi maumivu ya viungo yanavyompinda mgonjwa. Na hata dengue, wazee wa Unguja waliijua kama kidinga pepo. Mama yangu alipata chikungunya, homa ikaisha kwa wiki moja, lakini vifundo vya mikono vilimsumbua karibu mwaka mzima. Je, ni seli hizihizi?

Hadubini ya Upanga

Pole kwa mama, na ahsante kwa kutukumbusha. James Christie, daktari aliyekuwa Unguja, aliandika mwaka 1872 kuhusu kidinga pepo iliyozuka kule mwaka 1870, na wapo wanaosoma maelezo yake ya viungo wakaona kwamba huenda ilikuwa chikungunya tangu mwanzo. Majina ya magonjwa haya mawili yamechanganyikana kama magonjwa yenyewe yanavyochanganyikana kliniki.

Kuhusu vifundo vya mama, jibu langu ni fupi. Katika chikungunya wanaotajwa zaidi ni makrofaji, seli kubwa zinazomeza virusi na kubaki ndani ya kiungo zikiendeleza inflamesheni. Seli za masti zipo katika utando huo, ila baada ya yale ya 2002 na 2011 nisingependa kuzibebesha mzigo huu.

Mwalimu wa Baiolojia, Tabata

Kwa faida ya wanafunzi wangu wanaosoma hapa: ninao wanafunzi wa pumu ambao kifua huwabana kila mafua yakipita darasani. Wazazi husema ni vumbi. Virusi vya mafua vinahusikaje na seli hizi?

Hadubini ya Upanga

Mwalimu, hapa ndipo penye ushahidi wa binadamu ambao Mbishi aliutaka. Virusi vya mafua ya kawaida, hasa vile viitwavyo rinovirusi, ndivyo vichochezi vikubwa vya pumu kubana kwa watoto. Mwaka 2002 ilionyeshwa kwamba katika pumu seli za masti hujipenyeza ndani ya msuli laini wa njia ya hewa, jambo ambalo halionekani kwa wasio na pumu hata wakiwa na kikohozi cha muda mrefu. Kwa hiyo zikimwaga lukotrieni, msuli wenyewe ndio unaoloweshwa, nao hukaza papo hapo.

Kisha kuna upande wa pili. Seli za kinga zilizofunikwa na IgE zilizokwisha kufyatuliwa na mzio hutoa interferoni kidogo zinapokutana na kirusi. Mwaka 2011 jaribio lililofanywa Marekani kwa watoto na vijana wa mijini wenye pumu lilitumia omalizumabu, dawa ya sindano inayoikamata IgE kabla haijashika seli, na lile wimbi la pumu kubana linalokuja kila msimu wa mafua likapungua sana. Kwa hiyo wazazi wanaosema vumbi hawajakosea kabisa: mzio wa vumbi hutega mtego, mafua huja kuukanyaga. Dawa hiyo ni ya gharama kubwa, na kwa watoto wako mwalimu, dawa ya kuvuta ya kila siku waliyoandikiwa, ikitumiwa hata siku ambazo kifua hakibani, ina msaada mkubwa zaidi.

Mama Wawili, Mbagala

Narudi na swali la mwisho. Mdogo ana homa tangu juzi, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, wamesema huenda ni dengue na FBP ya jana haikuwa mbaya. Je, nikipumzika ni sawa?

Hadubini ya Upanga

Dada, karatasi ya jana inaeleza ya jana. Katika FBP tunatazama vitu viwili vikienda kinyume: chembe sahani zikishuka huku kiwango cha uzito wa damu, kilichoandikwa HCT, kikipanda. Hiyo ndiyo alama kwamba maji yanavuja, na kipimo kimoja hakiwezi kukuonyesha mwendo. Kesho ni siku ya nne: mrudishe kliniki apimwe tena, na keshokutwa vilevile, hata kama homa imeshuka na anacheza. Mpe maji ya kunywa kwa wingi, na hesabu anakojoa mara ngapi. Akilalamika tumbo linauma, akitapika bila kukoma, akitoka damu kwenye fizi, au akilegea na kusinzia isivyo kawaida, usisubiri asubuhi. Kila uendapo, nenda na karatasi zote ulizo nazo, kuanzia ya jana, ili atakayempokea azilinganishe.